Jinsi ya kujenga huduma ya ujumbe kwa wajawazito bila kumwacha mama mwenye kitochi

Maswali yanayonifikia ni yale yale. Nitengeneze programu ya simu janja au nitumie SMS? Nianze na wilaya ipi? Kibali natoa wapi? Mbona akina mama walijiandikisha wengi, halafu kliniki hawaonekani? Wanaouliza ni vijana wa kompyuta, wauguzi wenye wazo zuri na maofisa wa mashirika madogo. Nimeona niyajibu mahali pamoja.

Tutafuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho: huduma inayomkumbusha mjamzito mahudhurio yake ya kliniki na kumtajia dalili za hatari, katika wilaya yenye zahanati chache, mtandao wa kupandia kilima na familia zinazoazimana simu. Ukiielewa hii, utaweza kuigeuza iwe ya chanjo, kifua kikuu au kisukari. Jambo moja nitalirudia mpaka likukae: mama aliye mgumu kufikiwa kuliko wote ndiye unayeanza naye. Miradi mingi huanza na wale wa mjini ikiahidi kwamba wa kijijini watafuata awamu ya pili, na fedha huisha kabla awamu ya pili haijaanza.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Muuguzi au mkunga anayefanya kazi sasa hivi kwenye zahanati ya eneo hilo, awe sehemu ya timu na alipwe kwa muda wake. Daktari mshauri aliye makao makuu hawezi kushika nafasi yake.
- Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa vijiji utakavyovifikia. Kenya, kaunti zina wahudumu wao wa jamii, wengi wao wakiwa na simu za kazi tangu serikali ilipoanza kuwagawia vifaa mwaka 2023.
- Kibali. Tanzania Bara anza kwa mganga mkuu wa wilaya, yeye atakuelekeza ngazi za juu. Zanzibar ina Wizara yake ya Afya, kwa hiyo barua ya Dodoma haitakufikisha mbali Unguja. Kenya nenda idara ya afya ya kaunti. Kama utakusanya taarifa kwa ajili ya utafiti, utahitaji pia idhini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kwa Tanzania Bara, au NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kwa Kenya.
- Namba fupi inayofanya kazi kwenye mitandao yote ya simu inayoshika eneo lako, na iwe bure kwa mama. Mitandao huingia makubaliano mmoja mmoja, kwa hiyo anza kufuatilia mapema.
- Fedha za SMS za miaka miwili, ziandikwe kwenye bajeti kwa mstari wake.
- Kitochi, yaani ile simu ndogo ya vitufe. Nunua kimoja, kiweke mezani, na kila unachotengeneza kijaribu hapo kwanza.

Kuhusu hizo fedha za miaka miwili, usidhani ni tahadhari iliyopitiliza. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ya Uganda ilisitisha miradi mipya ya majaribio ya afya kwa simu kwa sababu ilikuwa imezagaa kila mahali, haizungumzi yenyewe kwa yenyewe, na mingi inakufa mfadhili akiondoka. Mama aliyezoea kukumbushwa, akakatiwa ghafla akiwa na mimba ya miezi saba, ameumizwa na mradi wako.

Hatua ya 1: Tafuta anayekosekana

Usianze na kompyuta. Omba ruhusa ya mganga mfawidhi wa zahanati, kisha kaa na muuguzi mpitie rejista ya wajawazito. Angalia mambo matatu: mimba ilikuwa ya wiki ngapi mama alipokuja mara ya kwanza, anatoka kitongoji gani, na aliishia hudhurio la ngapi. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mara nane. Utaona haraka vitongoji ambavyo wanawake wao huja mara moja tu, wakiwa wamechelewa.

Halafu tafuta wale ambao hawamo kabisa kwenye rejista. Hao watajulikana kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mkunga wa jadi, kwa mhudumu wa jamii. Waulize: nani hapa alijifungua nyumbani mwaka huu, na kwa nini? Sikiliza bila kubishana. Utasikia mto uliofurika, nauli ya bodaboda, muuguzi aliyemfokea mtu, mume aliye safarini na mifugo. Andika kila sababu, kisha tenganisha zile ambazo ujumbe unaweza kuzisaidia na zile ambazo hauwezi. Ujumbe haujengi daraja. Ukilijua hilo mapema hutaahidi makubwa.

Hatua ya 2: Chagua njia kulingana na simu zilizopo

Waulize wanawake wenyewe wana simu gani, nani anaishika mchana, na inachajiwa wapi. Kisha chagua.

SMS hukaa kwenye simu na inaweza kusomwa tena jioni, lakini inamtaka mama ajue kusoma. Menyu ya USSD, ile ya nyota na reli, haihitaji bando na inafanya kazi kwenye kitochi, ila skrini moja hubeba herufi zisizozidi 182 na mtandao hukata kikao mtu akichelewa kujibu. Itumie kwa usajili mfupi, usiitumie kufundishia. Sauti iliyorekodiwa ndiyo inayomfikia asiyesoma, na ndiyo pekee itakayoeleweka vizuri kwa mama anayezungumza Kimaasai, Kibarbaig au Kisukuma kuliko Kiswahili. Sauti iwe ya mwanamke wa eneo lile lile, maana lahaja ya mbali husikika kama tangazo la wageni. Kwa mama kiziwi sauti haina kazi, na kwa viziwi wengi Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili baada ya lugha ya alama, kwa hiyo SMS zake ziwe fupi na nyepesi zaidi.

Programu ya simu janja iwe ya mhudumu wa jamii. Yeye ndiye atakayebeba orodha ya akina mama wasio na simu kabisa, na hao lazima wawe na nafasi ndani ya mfumo wako tangu siku ya kwanza: jina, kitongoji, tarehe ya hudhurio, na nani atakayepita nyumbani. Usianze kuandika programu hiyo kutoka sifuri. DHIS2 ya takwimu za afya, ODK ya kukusanya taarifa kwa simu, na OpenMRS ya kumbukumbu za wagonjwa, ambayo mizizi yake iko Eldoret, ni programu huria ambazo yeyote anaweza kuzichukua na kuzirekebisha, na kuna vijana wengi Afrika Mashariki wanaozijua. Pia, wizara haitaki mfumo mwingine usioweza kupeleka taarifa kwake.

Hatua ya 3: Punguza usajili mpaka ubaki mifupa

Mwaka 2012 Tanzania ilipoanza kampeni ya Wazazi Nipendeni, mama alituma neno MTOTO kwenda 15001, bure, kisha akajibu maswali machache. Unyofu wa namna hiyo ndio wa kuiga.

Unahitaji wiki za mimba au tarehe ya hedhi ya mwisho, zahanati anayokwenda, lugha, na saa anayoishika simu. Mengine yasubiri. Ruhusu njia tatu za kuingia: mama mwenyewe, muuguzi kwenye dawati la kliniki, na mhudumu wa jamii nyumbani. Ongeza ya nne, kubip: mama anapiga na kukata, mfumo unampigia.

*Kosa la kawaida:* kudai namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofika ukomo Januari 2020, watu wengi wasio na kitambulisho walibaki wakitumia laini zilizosajiliwa kwa jina la ndugu. Ukidai NIDA, umewafungia mlango wale wale uliosema umewajia. Namba iliyo kwenye kadi ya kliniki inatosha.

Hatua ya 4: Linda siri yake kabla hujaandika ujumbe wowote

Kisheria, taarifa za afya ni taarifa nyeti. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Zote zinakutaka ujisajili kwa mamlaka husika, uombe ridhaa, na useme taarifa zitakaa wapi na kwa muda gani. Fanya hivyo.

Lakini hatari ya karibu zaidi iko ndani ya nyumba. Muulize mama kwa sauti ya chini, akiwa peke yake: simu hii ni ya nani? Nani mwingine anasoma ujumbe wake? Ungependa neno mimba litajwe? Binti wa shule ambaye hajamwambia mtu, hata kama tangu Novemba 2021 serikali ya Tanzania iliruhusu wanafunzi waliojifungua warudi masomoni, bado ana sababu zake za kuogopa. Mama anayetumia ARV naye ana zake. Kwa watu hao kuwe na ujumbe usiosema kitu: "Habari za leo? Jibu 1 niko salama, 2 nipigie." Mume akiusoma, hajasoma lolote.

Kamwe usiandike majibu ya kipimo kwenye SMS. Na orodha ya majina isikae kwenye kundi la WhatsApp la timu, hata kwa siku moja.

Hatua ya 5: Andika ujumbe kama muuguzi anavyomwambia mtu uso kwa uso

Huu ni wa kutupa: "Mjamzito anashauriwa kuhudhuria kliniki kwa wakati ili kupatiwa huduma stahiki kwa ustawi wa mama na mtoto." Hakuna anayeongea hivyo, na haumwambii mtu afanye nini kesho.

Huu ni wa kutuma: "Mama, kesho Jumanne nenda kliniki saa 2 asubuhi. Beba kadi yako. Ukiona damu, kichwa kikiuma sana au uso kuvimba, usisubiri kesho. Nenda leo."

Una herufi 141 pamoja na nafasi, kwa hiyo unaingia kwenye SMS moja ya herufi 160. Tumia maneno ya kwenye foleni ya kliniki: vidonge vya kuongeza damu, kuona maluweluwe, mtoto kuacha kucheza, chupa kupasuka. Ukiandika "madini chuma" au "trimesta ya tatu" umejiandikia mwenyewe.

*Kosa la kawaida, na la gharama:* ile alama ya juu kwenye ng'. Ukiandika "kung'atwa na mbu" kwenye programu ya uandishi, kompyuta huigeuza alama hiyo iwe ya kupinda. Alama ya kupinda haimo kwenye seti ya kawaida ya herufi za SMS, hivyo ujumbe wote unabadilishiwa mfumo na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe wa herufi 141 unakatika vipande vitatu, unalipa mara tatu, na kwenye baadhi ya vitochi vipande vinafika vimepishana. Kiemoji kimoja kinafanya vivyo hivyo. Weka kwenye mfumo wako kichujio kinachorudisha alama iliyonyooka kabla ya kutuma.

Hatua ya 6: Saa, tarehe na siku ya mnada

Seva inahifadhi 09:00. Kijana wa kompyuta anaiambia ichapishe "saa 9". Mama anafika alasiri, kliniki imefungwa, ametembea bure. Hili hutokea kwa sababu hakuna aliyelifikiria, na dawa yake ni ndogo: toa au ongeza saa sita, kisha lazimisha kila saa iambatane na asubuhi, mchana, alasiri au jioni. Vivyo hivyo usiandike 3/4. Andika Jumanne tarehe 3, na siku moja kabla andika "kesho".

Tuma wakati simu ziko hewani. Pale ambapo simu zinachajiwa siku ya mnada au gulio, simu nyingi huzimika katikati ya wiki. Mtandao hutunza SMS ya simu iliyozimwa kwa muda fulani tu kisha huitupa, kwa hiyo muulize anayekuuzia huduma ya kutuma muda huo ni saa ngapi, omba uongezwe, na omba ripoti ya zilizofika. Kikumbusho kimoja kiende jioni ya mnada, kingine siku moja kabla ya kliniki.

Hatua ya 7: Weka mtu upande wa pili

Hapa ndipo huduma nyingi hushindwa. Zinasema, hazisikii.

Mfano mzuri ninaoujua ni wa Kenya, utafiti wa WelTel uliochapishwa mwaka 2010, katika kliniki tatu zikiwemo za Pumwani na Kajiado. Watu 538 waliokuwa wakianza ARV waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata SMS kila wiki yenye neno moja, "Mambo?" Mtu alitakiwa ajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyesema shida, na aliyekaa kimya, alipigiwa na mhudumu wa kliniki. Waliofuata dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62, dhidi ya asilimia 50 ya wasiotumiwa. Neno halikutaja ugonjwa, halikugharimu kitu kulielewa, na nyuma yake kulikuwa na mtu wa kupiga simu. Ukiondoa huyo mtu, umebaki na salamu.

Kwa hiyo panga zamu. Nani anapokea "2 nipigie" usiku wa Jumapili? Andika jina. Kisha unganisha na usafiri. Tanzania ina namba 115 ya mpango wa m-mama, inayopigwa bure, inayomtafutia mama wa dharura gari la wagonjwa au, lisipopatikana, dereva wa jamii anayelipwa kwa simu. Usijenge wako. Mfundishe mama hiyo namba, na umwambie mhudumu wa jamii aijaribu kutoka kitongoji chake aone kama mtandao unashika.

Hatua ya 8: Mlango wa kutokea

Mimba huharibika. Watoto hufariki. Hakuna kitu kibaya ambacho mfumo unaweza kumfanyia mwanamke kuliko kumwambia wiki mbili baada ya msiba kwamba mtoto wake sasa ameanza kufungua macho tumboni. MomConnect ya Afrika Kusini, iliyoanza Agosti 2014, iliweka tangu mapema njia ya mama kujitoa akitaja kwamba amempoteza mtoto, na akapenda, apokee jumbe za kumfariji badala yake. Fanya hivyo nawe. Neno ACHA limtoe mtu bila swali hata moja. Muuguzi wa wodi naye awe na njia ya kusimamisha jumbe siku hiyo hiyo, ili jambo hilo lisimsubiri mama mwenyewe.

Laini zisizotumika hupewa watu wengine. Kila baada ya miezi kadhaa uliza, "Bado ni wewe? Jibu 1." Asiyejibu, mhudumu wa jamii amuulizie kabla hujaendelea kutuma.

Hatua ya 9: Jaribu kule mbali

Chagua kijiji kilicho mbali zaidi na lami, siyo kile cha jirani na ofisi. Msomee mama ujumbe au mpe ausome, kisha usimuulize "umeelewa?" Kila mtu atasema ndiyo kwa heshima. Mwambie: "Mueleze mdogo wako hapa huo ujumbe umesema nini." Utakayoyasikia ndiyo ujumbe wako halisi. Rekebisha, rudi.

Kupima mafanikio, idadi ya SMS zilizotumwa haikuambii kitu. Chukua rejista ya zahanati na orodha yako ya waliojisajili, uzilinganishe kitongoji kwa kitongoji. Tuseme rejista ina wajawazito 100 na wewe unao 60. Kazi yako ya mwezi unaofuata ni wale 40: wanatoka wapi, wana umri gani, wana simu? Kama wote wanatoka vitongoji viwili, huduma yako imeongeza pengo hata kama wastani wa wilaya umepanda.

Tahadhari kuhusu vifaa na akili bandia

Mtu atakushauri uongeze kifaa au programu ya kutabiri mama aliye hatarini. Uliza kwanza ilijaribiwa kwa nani. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kipima oksijeni cha kidoleni kilikosa upungufu mkubwa wa oksijeni kwa karibu asilimia 12 ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya karibu asilimia 4 kwa weupe. Mwaka mmoja kabla, watafiti walionyesha kwamba programu iliyotumika sana hospitalini huko ilikuwa inapima uhitaji wa mgonjwa kwa fedha alizotumia kutibiwa. Fedha zilizotumika kuwatibu watu weusi zilikuwa kidogo, programu ikawahesabu kuwa wana afya njema. Kwetu mtego huo utakuja kwa sura ya mahudhurio: mama wa mbali anaonekana mara moja, kumbukumbu zake ni chache, programu inamwona hana tatizo. Kukosekana kwa taarifa kuhesabiwe kuwa dalili ya hatari.

Mambo yakikwama

*Wamejisajili wengi, kliniki hawaji.* Rudi kwenye sababu ulizoandika hatua ya 1. Mara nyingi ni nauli, au lugha kali pale zahanati. La pili lipeleke kwa mganga mfawidhi kwa upole na kwa ushahidi, bila kutaja jina la mama aliyelalamika.

*Wauguzi wanasema kazi imekuwa mara mbili.* Wana haki. Kama wanajaza rejista ya karatasi na kisha simu yako, punguza unachowaomba mpaka kibaki kisichoandikwa kwingine.

*USSD inakatika katikati.* Maswali ni mengi. Hifadhi jibu baada ya kila hatua ili mama akipiga tena aendelee pale alipoishia.

*Ripoti inasema zimefika, akina mama wanasema hawajaona.* Kisanduku cha kitochi kimejaa jumbe za matangazo, au aliyesoma ni mtu mwingine. Mhudumu wa jamii aiangalie simu pamoja naye, kisha mhamishie kwenye sauti.

*Mume au mama mkwe hataki.* Usimpite mlango wa nyuma. Muombe mhudumu wa jamii anayeheshimika pale, au kiongozi wa rika kwa Wamaasai, aongee naye, na uwe na jumbe zinazomhusu yeye: kuweka akiba ya usafiri, kutafuta mtu wa kuchangia damu, dalili za kumkimbiza mama hospitali. Wazazi Nipendeni nayo iliwasajili watu wanaomsaidia mama. Mwanamke akikuambia kwamba kuongea na mumewe kutamletea kipigo, usiongee. Mwache kwenye orodha ya kutembelewa siku ya kliniki, na simu yake isipokee kitu.